Perege, Friji na Seli za Salma

Mbukwenyi, wanangu. Kwetu Ugogoni ukisalimiwa hivyo unaitika kwanza, mengine yanafuata, kwa hiyo itikeni huko huko mliko hata kama mashine zinawapigia kelele masikioni. Mimi ni Mama Lea. Nimefanya kazi ya maabara mpaka magoti yakavikataa vile viti virefu, na sasa nimestaafu, nakaa hapa Ipagala, nafuga kuku wavivu na kumsumbua mume wangu. Mkuu wenu wa maabara, Daktari Rehema, alinipigia simu wiki iliyopita. Akasema, "Mama, waandikie hawa vijana wapya chochote. Vitabu wanavijua vyote, lakini wakishika tyubu ya damu utadhani wameshika nyoka." Nikamjibu kwamba nitaandika, ila nitaandika na aibu zangu humo humo, asije akazifuta. Akacheka, maana yeye anazijua.

Nianze na barafu, kwa sababu ndiyo aibu ndogo.

Rehema alipoletwa kwetu na ule utafiti wa chanjo ya homa ya ini aina B, mimi nilikuwa nimebakiza miaka michache tu kazini. Yeye alikuwa ametoka masomoni, rika la mwanangu wa pili, amevaa viatu vya raba na koti jeupe linalomzidi mabega. Utafiti wenyewe ulikuwa na swali moja: kwa nini watu wawili wachomwe chanjo moja, siku moja, mmoja mwili wake utengeneze kingamwili tele na mwingine mwili wake ukae kimya kana kwamba hakuna kilichoingia? Tulitakiwa kuwachukua damu kabla ya sindano, kesho yake, siku ya tatu, na siku ya saba. Damu nyingine ilikuwa ya kutenga seli za kinga, nyingine ya kusoma jeni.

Mimi tangu nianze kazi nilikuwa nimeimbiwa wimbo mmoja, baridi, baridi, baridi. Basi siku ya kwanza nikakusanya damu pale Majengo, nikazipanga tyubu kwenye kasha baridi, nikazizungushia barafu pande zote, nikapanda bajaji na kasha mapajani kama nimebeba mjukuu. Nilifika maabara najisikia fahari kabisa. Rehema akafungua kasha. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hizi za seli nazo umeziweka kwenye barafu?"

"Sasa ulitaka niziweke wapi, kwenye kikapu?"

"Ndiyo, mama. Hata kikapu kingefaa."

Nilinuna, nisiwafiche. Mtu niliyemzidi miaka ishirini na ushee ananifundisha kubeba damu! Lakini hakubishana nami. Alichukua tyubu moja ya zile zangu, akaimimina damu taratibu juu ya kile kimiminika kizito kisicho na rangi cha kutengea seli, akaiweka kwenye mashine ya kuzungusha. Ikitoka vizuri, mnajua, chembe nyekundu hushuka chini kabisa, maji ya damu hubaki juu, na katikati unapata ukungu mwembamba mweupe, ambao ndio seli tunazozitafuta. Yangu ilitoka na utepe mchafu wenye wekundu, mwembamba wa kutia huruma. Kisha akanipa hadubini na rangi ya buluu. Seli iliyokufa huinywa ile rangi, iliyo hai huikataa. Nikatazama. Buluu ilikuwa nyingi kuliko nilivyopenda.

"Seli za kinga si maziwa," Rehema akaniambia. "Ukizipiga baridi kali zinashtuka, nyingine zinakufa. Zibebe kwenye joto la chumba, uziwahishe, basi."

Tangu siku hiyo nikatumia kasha lile lile bila barafu, kipimajoto kikiwa ndani. Na kwa kuwa Oktoba ya Dodoma joto lake si la chumba bali la tanuri, nikawa nawaambia washiriki waje mapema, saa moja asubuhi, ili ikifika saa tatu damu iwe imeshafika kwenye meza yangu. Hilo hamtalikuta kwenye mwongozo, kwa kuwa walioandika mwongozo hawajapanda bajaji saa saba mchana.

Zile tyubu za jeni nazo zilinipa somo lake. Ndani yake kuna dawa inayozigandisha habari za seli pale pale zilipo, ili ukizisoma baadaye ujue seli zilikuwa zinafanya nini dakika ile damu ilipotoka. Dawa hiyo lazima ichanganyike na damu. Mimi nikaitikisa tyubu kwa nguvu zangu zote. Rehema akanishika mkono: "Pindua, mama, usitikise. Mara kumi, polepole." Nikawa nahesabu kwa Kigogo ili nisiruke, na hadi nastaafu watu walidhani nasali.

Siku moja wakati wa chai nikamuuliza jambo lililokuwa linanisumbua. Jeni si mtu anazaliwa nazo? Sasa chanjo inazifanyaje? Niliuliza kwa sababu pale Majengo mzee mmoja muuza nafaka alikuwa amenihoji mbele ya watu, kama chanjo hii itambadilisha jeni awe mtu mwingine. Nilimjibu kwamba atabaki yeye yule yule na ubishi wake ule ule, watu wakacheka, lakini moyoni nilijua nimekwepa swali.

Rehema akaweka kikombe chini. Akasema jeni zenyewe hazibadiliki hata moja. Kinachobadilika ni zipi zinafanya kazi na zipi zimetulia. Ukichomwa begani, seli za zamu ya mwanzo hukuta kitu kigeni, nacho ni gamba tupu la kirusi, halina uwezo wa kumuumiza mtu. Siku ile na kesho yake zinaamsha jeni zao za kutoa taarifa. Halafu zinalikatakata lile gamba na kulipeleka kwa seli nyingine zilitambue. Ikifika kama siku ya saba, ukisoma damu unakuta kundi la seli zimeamsha jeni za kutengeneza kingamwili, zinachapa kazi usiku na mchana. Baada ya hapo nyingi hufa, chache hubaki zimetulia. Hizo chache ndizo seli za kumbukumbu.

"Na wale wasiojibu?"

"Kipande cha gamba lazima kishikwe ili kionyeshwe," akasema. "Kuna kishikizo juu ya seli, na umbo lake mtu analirithi kwa wazazi. Baadhi ya watu vishikizo vyao havikishiki vizuri kipande hiki. Sio kosa lao, na magonjwa mengine wanapambana nayo kama kawaida. Ila pia umri, unene, sigara, vyote vinachangia. Na wakati mwingine mtu hana tatizo lolote, ni chanjo yenyewe iliharibiwa kabla haijamfikia."

Aliposema hilo la mwisho, chai ilinipalia. Alidhani ni andazi.

Sasa ile aibu kubwa.

Miaka mingi kabla ya Rehema, nilifanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya njia ya kwenda Mtera. Jina lake naliacha. Nilikuwa peke yangu maabara, na friji yangu ilikuwa ndogo, nzuri, ya kuhifadhi vitendanishi. Siku hizo wafanyakazi wa kituo tulianza kuchanjwa homa ya ini. Mimi nilikwishamaliza dozi zangu tatu nilikotoka. Waliobaki walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa Salma, muuguzi mpya kabisa, binti wa Majengo ambaye ukoo wao umefanya biashara mjini tangu enzi za misafara. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anaogopa popo. Walichomwa dozi ya kwanza bila shida. Boksi la dozi zilizobaki likaja, na kwa kuwa friji ya chanjo za watoto ilikuwa imejaa, muuguzi mkuu akaniomba nimhifadhie. Nikalisukuma hadi nyuma kabisa, likagusana na ukuta wa friji.

Wiki hiyo mgonjwa mmoja aliyepona akaniletea shukrani, perege watatu wa Mtera, wakubwa, wametoka majini asubuhi hiyo. Ilikuwa Alhamisi, na mimi nilikuwa nakwenda nyumbani Ijumaa. Mnajua sheria kama nilivyoijua mimi: friji ya maabara haiwekwi chakula. Nikawafunga perege kwenye mifuko miwili, nikawaweka chini, na ili wasiharibike nikazungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho.

Ijumaa asubuhi nikafungua. Perege walikuwa mawe. Boksi la chanjo lilikuwa limenata kwenye ukuta wa friji, na juu yake kuna ukungu wa barafu. Kipimajoto kilikuwa chini ya sifuri. Chanjo hii, wanangu, joto kidogo inaweza kuvumilia, lakini ikiganda imekwisha. Nikatoa kichupa kimoja, nikakitazama dirishani. Kilikuwa maji maji, kina weupe wake wa kawaida. Nikajiambia, hakijaganda, ni boksi tu. Nilitakiwa nikitikise na kukilinganisha na kilichogandishwa makusudi, nione kipi kinatuama haraka. Nilitakiwa niandike ripoti na boksi zima litupwe. Lakini ripoti ingeuliza kitufe kilizungushwa na nani, na kwa nini. Nikakirudisha kitufe mahali pake, nikafuta barafu kwa koti langu, nikafunga mlango. Hakuna aliyeniona.

Wale perege niliwala Jumapili kwa ugali wa uwele. Walikuwa watamu, sitawadanganya.

Watu sita wakachomwa dozi ya pili na ya tatu kutoka boksi lile. Mimi nikahamishiwa mjini, miaka ikapita, na ninaposema ikapita msidhani nilisahau. Kila nilipofungua friji yoyote mkono ulikwenda kwanza kwenye kipimajoto. Watu walinisifu kwa umakini. Nilikuwa napokea sifa hizo na kunyamaza.

Kisha Salma naye akaja mjini, akaajiriwa kwenye utafiti wa Rehema kama muuguzi wa kuchukua damu. Alinikumbatia mlangoni mpaka miwani ikaanguka. Kila asubuhi alipita mezani kwangu, "Shikamoo mama," ananiletea kashata za mama yake. Alikuwa hodari kuliko wote. Hata watoto hawakulia mikononi mwake.

Ikawa Jumanne moja asubuhi. Salma alikuwa anamtoa damu mgonjwa wa kliniki ya ini, na ugonjwa wake ulikuwa unajulikana, homa ya ini aina B. Simu ikalia mfukoni mwa mgonjwa, akashtuka, mkono ukaruka, sindano ikatoka mshipani na kuingia kwenye kidole cha Salma, ikatoboa glavu. Alifanya kila kitu inavyotakiwa. Hakukikamua kidole, alikiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akatoa taarifa papo hapo, akapimwa. Majibu ya mchana yalionyesha hana maambukizi, jambo ambalo ni la kawaida kwa siku ya kwanza. Yalionyesha pia kitu kingine.

Alikuja maabara akaketi kwenye benchi karibu na mashine ya kuzungusha.

"Mama, sina."

"Huna nini?"

"Kingamwili. Sina hata za kusingizia." Akajaribu kucheka, ikashindikana. "Kumbe mimi ni wale wa Rehema, wa kishikizo kibovu. Nimechanjwa dozi tatu, na miaka yote hii naingia wodini najidai nina kinga."

Baba yake Salma alikufa kwa ini, Salma akiwa sekondari. Ndiye aliyekuwa anamshikia beseni. Aliniambia siku ile kwamba alikuwa anaona macho ya njano ya baba yake kila akifumba yake, na kwamba ana mtoto wa miezi minane nyumbani, je, amnyonyeshe au asimnyonyeshe. Daktari wa kliniki alikuwa amemwambia amnyonyeshe tu, mtoto keshachanjwa. Alijua hayo kwa kichwa. Akaniuliza tena vile vile.

Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nimeshika bomba la kunyonyea sampuli, najua kuna jambo jingine ambalo yeye halijui.

Rehema akaingia na yule daktari wa kliniki. Wakapanga haraka. Salma atatibiwa kama mtu asiye na kinga kabisa: dozi mpya ya chanjo siku hiyo hiyo, na sindano ya kingamwili zilizotengenezwa tayari, za kuazima. Hizo za kuazima mjini hazikuwepo, zikaagizwa Dar es Salaam zije na treni ya kesho yake. Kisha Rehema akamgeukia Salma.

"Zikishaingia hizo za kuazima, kipimo kitazionyesha hizo, sio zako. Kwa miezi kadhaa hatutajua mwili wako ulijifunza au haukujifunza. Lakini nikichukua damu sasa hivi, kabla ya sindano yoyote, naweza kuzitafuta seli za kumbukumbu zenyewe. Kingamwili zinaweza kupungua na miaka hadi zisipimike, na seli zikawa bado zipo. Haitabadilisha matibabu. Ni ya kujua tu. Ukikataa sitakulaumu."

Salma akaikunja mikono ya gauni.

"Chukueni. Ila atakayezitenga ni Mama Lea. Simtaki mwingine."

Wanangu, nimetukanwa na wakubwa, nimewahi kumwagiwa mkojo wa mgonjwa, nimewahi kudondosha trei nzima mbele ya wakaguzi. Hakuna kilichoniuma kama kuaminiwa siku ile.

Nilizitenga. Bila barafu. Nilimimina damu ile juu ya kimiminika kwa subira ambayo sijawahi kuwa nayo hata jikoni, ukuta wa tyubu ukiwa umelazwa, tone likifuata tone. Utepe ulitoka mweupe, safi, mnene. Nikaziosha, nikaziweka rangi ya buluu, nikazihesabu mara mbili. Karibu zote ziliikataa. Tukaziweka kwenye joto la mwili pamoja na vichocheo vya kuziamsha, na baadaye zingehamishiwa kwenye sahani ya visima vidogo vidogo iliyopakwa lile gamba la chanjo. Kama kuna seli inayolikumbuka gamba, ingetoa kingamwili pale ilipokaa, na ikitiwa rangi tungeona doa. Kila doa ni seli moja. Isingekuwepo, kisima kingebaki cheupe. Kazi yote ilikuwa ya siku sita.

Nilivumilia mbili. Siku ya tatu nikaenda Majengo, kwenye kibanda cha mama yake. Salma alikuwa amepewa mapumziko, yuko pale anampimia mteja uwele, anausawazisha kwenye kopo kwa kiganja. Nilisubiri mteja aondoke, nikamwambia yote, friji, kitufe, boksi lililonata, koti nililofutia barafu. Sikuketi, na yeye hakunikaribisha kiti.

"Samaki?" akauliza.

"Perege."

"Mmoja?"

"Watatu."

Akamwaga uwele uliobaki kwenye kopo, ukarudi kwenye gunia. "Kwa hiyo nimechomwa maji. Dozi mbili za maji, kwa ajili ya perege watatu."

"Sijui kama yaliganda, mwanangu. Ndiyo shida yenyewe. Sijui."

"Hukutaka kujua." Hakupaza sauti, na hapo ndipo niliogopa zaidi. "Friji inaharibika, mama. Mtu anakosea. Hilo mimi silihesabu. Lakini umeniona mwaka baada ya mwaka naingia kwa wagonjwa wa ini, nakuletea kashata, nakuamkia, na wewe unajua. Ungesema neno moja tu, Salma kapime. Hata usingetaja samaki."

Niliinamisha macho kwenye gunia la uwele.

"Nenda tu mama. Nina wateja."

Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Rehema nikamwambia na yeye. Nilitegemea anifukuze, na labda nilitaka anifukuze. Akavuta karatasi. "Wale wengine watano, majina unayakumbuka?" Niliyakumbuka yote. Tukaanza kupiga simu saa ile ile, na mimi ndiye niliyezungumza, Rehema alikataa kunisaidia kwa hilo. Walipimwa wote kwenye vituo vilivyo karibu nao. Watatu walikuwa na kingamwili nzuri tu. Wawili hawakuwa nazo, wakaanzishiwa chanjo upya, na baadaye wote wawili wakajibu. Mmoja, mzee aliyekuwa dereva wa kituo, alininunia kwa simu dakika nzima, halafu akasema kinachomuudhi zaidi ni kwamba perege wenyewe sikumwonjesha. Nilicheka. Kwa uongozi wa utafiti niliandika barua kwa mkono wangu, nikapewa onyo, na onyo hilo limo kwenye faili langu hadi leo.

Siku ya sita ikafika, siku ya kusoma sahani. Salma alikuja. Hakunisalimia, akaketi kwenye ukumbi wa nje. Rehema akaiosha sahani mara ya mwisho, akaikausha, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Akatazama kwanza visima ambavyo hatukuviweka gamba, ambavyo vilitakiwa kuwa vyeupe. Vilikuwa vyeupe. Akasogeza. Akavipitia kimoja kimoja hadi nikaanza kuhesabu kwa Kigogo bila kujua nahesabu nini.

"Mama," akasema. "Njoo uone mwenyewe."

Niliinama. Kisima kilikuwa na madoa. Madoa ya zambarau yaliyokolea, moja hapa, jingine pale, mengine yamekaribiana. Nikatazama kisima cha pili, cha tatu. Madoa.

"Anazo," nikasema. "Rehema, anazo!"

"Anazo, mama."

Nikakaa sakafuni na koti langu jeupe, mtu mzima mimi, nikasema asante Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akachungulia. Nimewahi kujifungua mara nne na sijawahi kushusha pumzi namna ile.

Rehema akamwita Salma. Alitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Hizi ni zangu?"

"Ni zako. Kishikizo chako hakina tatizo."

"Zilikuwepo siku zote?"

"Zilikuwepo. Kingamwili zilipungua, hizi zikabaki. Na hii dozi uliyochomwa Jumanne imeziamsha, sasa hivi zinafanya kazi mwilini mwako."

Hatukuweza kujua ni dozi ipi iliyozifundisha. Pengine ni ile ya kwanza, iliyochomwa kabla ya samaki wangu. Pengine boksi halikuganda lote. Jibu hilo limepotea kwa sababu yangu, na msiruhusu mtu awaambie kwamba kwa kuwa mwisho ulikuwa mzuri basi kosa halikuwepo. Salma alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamkumbatia Rehema, akatoka. Mimi alinipita.

Daktari akatukumbusha kwamba bado kuna kipimo cha miezi sita, hapo ndipo tungesema kwa uhakika kwamba kirusi hakikushika. Miezi hiyo sita Salma alirudi kazini, akafanya kazi nami vizuri, akaniita mama, akaleta tyubu kwa wakati, bila barafu. Kashata hakuleta. Nikastaafu katikati ya hapo. Kwenye sherehe yangu alikaa meza ya nyuma.

Alikuja hapa nyumbani jioni moja, jua bado lipo, mtoto amemfunga mgongoni. Nilikuwa namwaga maji ya kufulia. Akanipa karatasi ya maabara. Niliisoma nikiwa nimesimama, mstari kwa mstari, jinsi nilivyowafundisha wengi kusoma. Hana maambukizi. Nikaisoma tena. Hana.

"Salma," nikasema, "sijui hata nianzie wapi kukuomba."

"Mama, mimi nilikusamehe siku ile ile ya madoa."

"Siku ile? Mbona hukuniambia? Miezi yote hii!"

"Nilikuwa nataka nikwambie, kila siku." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Halafu nikasema, ngoja kwanza. Mama Lea anajua kukaa na neno. Na mimi nikae nalo kidogo, aone linavyokuwa kwa mwenzake."

Niliketi pale pale chini, karatasi mkononi, nikalia na kucheka kwa pamoja, na Salma akaketi kando yangu, akamfungua mtoto na kunipakatisha.